Baka Limerudi Pale Pale

Barua za mwezi huu nusu yake ni za mabaka. Nimejibu nne. Wapya mjue kwamba mimi si daktari ingawa mnaniita hivyo. Ni afisa wa kliniki niliyesomea ngozi, na ngozi haisomeki vizuri kwenye barua. Mwenye uwezo wa kufika kliniki aende akaonwe.

SWALI: Shikamoo Daktari. Mimi ni mama wa watoto watatu, umri miaka 34, nauza mahamri na mbaazi hapa Bombolulu. Mwaka juzi nilitokwa na mabaka viwikoni, yakapanda magamba meupe. Kwanza niliambiwa ni choa, nikapaka dawa ya choa miezi mitatu bure. Baadaye hospitali wakasema ni soriasisi, wakanipa dawa nyingine ya kupaka. Ramadhani iliyopita nikasafika kabisa, nikaacha dawa. Mfungo pili haujaisha, baka limerudi, tena pale pale, hata ukingo wake ni ule ule kama limechorwa kwa kalamu. Mavyaa wangu asema ni jicho la mwenzangu wa meza ya pili. Mpwa wangu amesoma kwenye simu kuwa ngozi ina seli zenye kumbukumbu. Nani mkweli? Na wateja wangu wawili sasa wananunua ng'ambo ya barabara. — *Mpika mahamri, Bombolulu*

JIBU: Marahaba, mwanangu. Tuanze na wateja, maana hao ndio riziki. Soriasisi haiambukizi. Haipiti kwa mkono, kwa unga, kwa taulo wala kwa kitanda. Mwezi wa Mei 2014 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilipitisha azimio lililoyataja maradhi haya wazi kuwa ni ya kudumu na yasiyoambukiza. Kata kipande hiki cha gazeti ukibandike karibu na karai. Anayetaka kuhama meza ahamie kwa sababu mbaazi za ng'ambo zina nazi zaidi, si kwa sababu ya viwiko vyako.

Kuhusu kuambiwa ni choa, usimlaumu sana aliyekuambia. Vitabu vingi tulivyosomea vilikuwa na picha za ngozi ya Mzungu, baka la rangi ya waridi linalong'aa. Kwenye ngozi zetu baka huwa zambarau, au jivu, au jeusi kuliko pembeni yake, na likipona huacha kivuli kwa miezi. Kinacholitambulisha ni magamba. Ukilikwangua kwa ukucha hutoka jeupe, kavu, linavunjika kama nta ya mshumaa. Chini yake kuna utando mwembamba wa kung'aa, na utando huo ukibanduka hutokeza vitone vya damu, kimoja hapa, kimoja pale, kama mtu amechomachoma kwa pini. Tulipokuwa wanafunzi Moshi, pale hospitali ya KCMC, tulifundishwa kulitazama hilo kwa makini. Wewe usilikwangue, na sababu utaiona kwenye barua inayofuata.

Sasa kumbukumbu. Mpwa wako kasema kweli, ila kaacha hadithi nusu.

Ngozi ya kawaida hujibadilisha taratibu. Seli huzaliwa chini, hupanda juu huku ikikomaa, ikifika huanguka bila wewe kujua, na safari hiyo huchukua kama mwezi mmoja. Penye baka safari ile ile hukatwa kwa siku chache tu. Wewe unajua hamri lililotolewa mafutani kabla halijaiva ndani linavyokuwa. Ndivyo seli zinavyofika juu, mbichi, hazijui hata kuachana, zikagandana zikawa magamba. Kwa miaka mingi waganga wa ngozi waliamini kwamba kosa liko kwenye ngozi yenyewe, kwamba inakua mbio kwa ukorofi wake.

Kilichowatoa kwenye imani hiyo ni bahati. Mwaka 1979 madaktari wawili, Mueller na Herrmann, waliandika kuhusu wagonjwa wa maumivu ya viungo waliokuwa pia na soriasisi. Waliwapa siklosporini kwa ajili ya viungo. Dawa hiyo ilikuwa ikijaribiwa kwa waliopandikizwa figo ili mwili usiikatae figo ya mgeni. Ngozi zao zikasafika. Siklosporini huzibana seli T, aina ya chembe nyeupe za damu ambazo kazi yake ni kumtambua adui na kuamrisha vita. Ikiwa kuzituliza seli T kunatuliza ngozi, basi anayeipigia ngozi ngoma ikimbie ni seli T.

Wakadhani kwamba seli hizo huletwa na damu kila mabaka yanapotoka. Mwaka 2004 ukatoka utafiti wa Boyman na wenzake. Walichukua vipande vya ngozi ya wagonjwa wa soriasisi, na walichagua mahali pasipo na baka, safi kwa macho. Wakavipandikiza kwa panya ambao kinga yao wenyewe ni dhaifu mno. Hawakuongeza seli yoyote ya damu ya mgonjwa. Vipande vile safi vikageuka kuwa soriasisi juu ya mgongo wa panya, na walipozizuia seli T zilizokuwa ndani ya ngozi hiyo, mabaka hayakutokea. Wachochezi walikuwamo tangu mwanzo, wamekaa kimya.

Miaka miwili baadaye watafiti wa Boston walizihesabu seli T za ngozi ya mtu mzima asiyeumwa. Wakapata kama bilioni 20, karibu mara mbili ya zilizo kwenye damu yote. Mimi nilipolisoma hilo nilikuwa nimeshatibu ngozi miaka mingi, na nilisoma ukurasa ule mara mbili. Sisi tulikuwa tukitoa damu mkononi kutafuta habari za kinga, kumbe sehemu kubwa ya kinga imelala ngozini na haitoki.

Nyingi ya hizo ndizo seli za kumbukumbu. Usizione wahalifu. Zimewekwa kwa kazi ya maana: adui akishapita mahali mara moja, kuna wanaobaki pale pale wakilinda, ili akirudi akutane nao mlangoni badala ya kungoja msaada utoke mbali. Shida ya soriasisi ni kwamba zimekariri vita visivyokuwa na adui. Mwaka 2014 kundi la Stockholm lilichunguza ngozi iliyopona kwa macho, ya wagonjwa waliokuwa kwenye matibabu miaka kadhaa. Mahali palipokuwa na baka walizikuta seli hizo zimejificha kwenye tabaka la juu kabisa, na zilipochokozwa zikamwaga zile zile kemikali za ugonjwa. Ndiyo maana ukingo wako umerudi kama ulivyochorwa. Baka liliondoka, wenyeji wake hawakuhama.

Wakiamshwa hufanya hivi. Kuna seli nyingine yenye mikono mirefu kama matawi, ambayo ndiyo mpelelezi. Hupeleka ujumbe uitwao interlukini 23. Seli T ikiupokea humwaga interlukini 17. Seli za ngozi zikiipata hiyo 17 huzaana mbiombio, huita askari wengine kutoka kwenye damu, na hutoa vitu vinavyomwamsha mpelelezi upya. Ni kama maneno ya uani: huyu kamwambia yule, yule kamwambia wa tatu, wa tatu kamrudia wa kwanza, na sasa yamekuwa makubwa na hakuna anayejua yalianzia wapi. Sindano mpya zote unazozisikia hukata neno katikati. Moja humziba 23 mdomo, nyingine huiziba 17. Ya kwanza ya kuzuia 17 iliruhusiwa Marekani mwaka 2015. Nayo 17 si ya bure mwilini, kwani ndiyo hutukinga na fangasi, kwa hiyo baadhi ya wanaochomwa sindano hizo hupata utando mweupe mdomoni kama wa mtoto mchanga.

Umeuliza nani mkweli, hukuuliza kama ngozi inaweza kusahaulishwa, lakini najua ndilo swali lenyewe. Hadi leo hakuna dawa iliyothibitishwa kufuta kumbukumbu hiyo. Kuna dalili nzuri. Kwa baadhi ya waliochomwa sindano za kuzuia 23, mabaka hukawia miezi mingi kurudi hata baada ya sindano kusimamishwa, hasa waliotibiwa mapema kabla ugonjwa haujazoea nyumba. Bei yake, mwanangu, haitoki kwenye sinia la mahamri, na sitakudanganya. Kwa viwiko viwili huzihitaji. Rudi kwenye dawa yako ya kupaka kama ulivyoandikiwa, na likisafika usiitupe siku hiyo. Muulize aliyekuandikia akupangie kuipunguza: kila siku, kisha siku mbili kwa wiki pale pale palipokuwa na baka, ingawa huoni kitu. Unapaka kwa ajili ya waliolala. Ukitoka kuoga, kabla hujakauka vizuri, paka mafuta ya mgando. Na naweka dau kwamba wateja wakipungua unaegemea meza kwa viwiko, kidevu mkononi. Kunja taulo uliweke hapo.

Mambo mawili ya kuangalia. Tazama kucha zako kwenye mwanga. Zikiwa na vishimo vidogo kama vya kastabani, na asubuhi vidole vimekakamaa hadi unashindwa kukanda unga, usingoje, nenda hospitali. Kwa watu wengi, hata wafikao theluthi moja, soriasisi huingia kwenye viungo, na huko ikiharibu haitengenezeki. La pili, ukiandikiwa methotreksati, dawa ya kutuliza kinga, ni ya mara moja kwa wiki. Nimewahi kuona mama aliyeimeza kila siku kama panadol, na mdomo wake wote ukawa kidonda. Tena usiiguse ikiwa unataka mtoto wa nne.

Mavyaa wako sina ugomvi naye. Akikusomea Falaq na Naas, pokea. Lakini muulize pia kama babu au shangazi wa upande wenu, si wa kwake, alikuwa na magamba. Maradhi haya hupita kwenye koo, na kuna alama moja ya kurithi ya kinga, HLA-C aina ya 6, inayoonekana sana kwa wanaoanza wakiwa vijana. Mwenzako wa meza ya pili mrudishie salamu zake.

SWALI: Daktari, mimi ni dereva wa tuktuk, Likoni. Nina soriasisi kwenye paja, baka moja tu. Fundi mmoja alinichanja chale kulizunguka baka ili ugonjwa utoke, akapaka unga mweusi. Baada ya wiki mbili kila chale imekuwa baka. Zilikuwa chale kumi na moja. Je, ni sumu ya ule unga? — *Kumi na Mbili Sasa, Likoni*

JIBU: Jina ulilojipa limenichekesha na limeniuma. Unga siujui, lakini hata angekuchanja kwa wembe mtupu wa hospitali ungepata hayo hayo. Katika karne ya 19 daktari Heinrich Köbner wa Breslau (leo Wrocław, Poland) alimwona mtu ambaye soriasisi yake iliota kila alipojeruhiwa: alipokwaruzwa, alipochorwa chale za wino, hata alipong'atwa na farasi. Jambo hilo linaitwa kwa jina lake hadi leo. Ngozi ikikatwa hupiga kelele za kuomba msaada, na kwa mwenye soriasisi kelele hizo huwaamsha wale niliowaeleza hapo juu. Huchukua siku kumi hadi ishirini hivi, kwa hiyo wiki zako mbili zimetimia kama kwenye kitabu.

Mimi goti langu la kushoto lina baka la ukubwa wa kisahani cha kikombe cha kahawa. Nilianguka na baiskeli kwenye mawe ya tumbawe nikiwa kijana. Kidonda kikafunga, gamba la kidonda halikutoka, na halijatoka bado.

Usichanjwe tena, usikwangue, na nenda ukaandikiwe dawa ya kupaka kwa yote kumi na mawili.

SWALI: Nafunga ndoa wiki tatu zijazo. Mabaka yako mgongoni na kichwani. Rafiki yangu ameniambia kuna vidonge vidogo vya dukani, unakunywa siku tano unakuwa kama mtoto. Nivinywe? — *Bwana Harusi, Changamwe*

JIBU: Usivinywe. Najua vidonge hivyo, ni prednisoloni au ndugu zake, jamii ya dawa za steroidi, na najua utamu wake, kwa sababu nilivinywa.

Mwaka 1997 mdogo wangu alikuwa anaoa. Mimi nilikuwa tayari nimesomea tiba, nimevaa koti jeupe, nawaambia watu wasinunue dawa kiholela. Mabaka yalikuwa yamenijaa mikono na kichwa, na nilikuwa nimechoka kuulizwa. Nikaingia duka moja la dawa, silitaji, nikanunua vidonge bila cheti, na muuzaji hakuuliza neno. Siku ya sita nilijitazama kwenye kioo cha kabati nikaona mtu nisiyemjua, laini. Nikavaa kanzu, nikapigwa picha. Picha hiyo ninayo, ndiyo pekee ya miaka ile ambayo sikuficha mikono.

Nikaacha vidonge. Haikufika wiki mbili, usiku mmoja nikaamka natetemeka kwa homa, shuka imenata mgongoni. Mwili mzima ulikuwa umewaka, na juu ya wekundu ule kulikuwa na vijipele vya usaha, vidogo kama mchele uliosagwa, maelfu. Nililazwa siku kumi na tisa. Vidonge vile huzima seli za kinga zote kwa mpigo, wema na wabaya. Ukiviondoa ghafla zinarudi pamoja, na zile zenye kinyongo na ngozi hutangulia. Prednisoloni ni dawa nzuri kwa maradhi mengine na mkononi mwa anayeijua. Kwa soriasisi, ya kumeza kisha kuacha, ni kukopa kwa mtu mbaya.

Nilipotoka wodini ndipo nikaomba kwenda Moshi kusomea ngozi. Kwa hiyo safu hii unayoisoma imezaliwa na vidonge hivyo.

Wiki tatu si haba. Nenda kliniki kesho. Kwa kichwa kuna dawa ya maji ya kupaka usiku na shampuu ya lami, hata kama inanuka kama barabara mpya ya Miritini. Kwa mgongo kuna mafuta ya steroidi yakichanganywa na ya vitamini D, na wengi huona nafuu kati ya wiki mbili na nne. Hutakuwa kama mtoto. Na mwambie bibi harusi kabla ya siku yenyewe, kwa sababu ataliona. Ukiwa unatumia dawa ya presha aina ya propranolol, au umeumwa na mafindofindo hivi karibuni, mtajie daktari, maana yote mawili huyachochea mabaka.

Wale wa krimu za mkorogo kwenye vikopo visivyo na lebo, msidhani mmesahaulika. Nyingi zina steroidi kali ndani, na mwisho wake ni huu huu, pamoja na ngozi kuwa nyembamba kama karatasi ya sigara.

SWALI: Mtoto wangu wa miezi minane ana ukurutu mashavuni na kwenye mikunjo ya mikono. Baba yake ana soriasisi. Ndiyo imemfikia? — *Mama Mdogo, Majengo*

JIBU: Kwa unavyoeleza, hapana. Ukurutu wa watoto hupenda mikunjo, soriasisi hupenda upande wa nje, viwiko na magoti. Seli za kinga zimo kwenye yote mawili, ila si kundi moja. Kwenye ukurutu zinazotawala ni zile zinazomwaga interlukini 4 na 13, jamaa wa pumu na mafua ya vumbi, na muwasho huwa mkali zaidi. Ngozi yenyewe pia huvuja maji, ukuta haushiki vizuri. Mwaka 2006 watafiti wa Dundee, Uskoti, walipata kasoro ya jeni ya filagrini, protini inayosaidia kuujenga ukuta huo, kwa wagonjwa wengi wa Ulaya. Kwa watoto wa Kiafrika kasoro hiyo haionekani sana, wengi wana ukurutu bila hiyo.

Mwogeshe kwa maji ya uvuguvugu, muda mfupi, sabuni isiyo na harufu. Mpake mafuta akiwa bado ana unyevu. Mafuta ya nazi safi yanafaa, na nafurahi kulisema hilo kama mtu wa pwani. Liwa, marashi na unga wa karafuu wekeni mbali naye mpaka apone. Mashavu yakitoa maji ya manjano, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

*Msomaji wa Mtopanga:* picha uliyotuma ya mguu imepigwa usiku chini ya taa ya rangi, kila kitu ni kijani. Piga tena saa nne asubuhi, mlangoni, na uweke sarafu ya shilingi ishirini kando ya baka nijue ukubwa wake.